Jina la Binti: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Asili na Maana Kabla ya Kuliandika Kwenye Cheti

Ukiuliza intaneti maana ya jina Asha, utapata majibu mawili yanayogombana: uhai, na tumaini. Yote mawili ni sahihi, ila ni ya majina mawili tofauti. Asha wa Kilwa ametokana na Aisha, jina la Kiarabu lenye maana ya aliye hai, kutoka mzizi uleule uliotuletea "ishi" na "maisha". Asha wa Mumbai amebeba neno la Kihindi lililotoka Kisanskriti, na kwake maana ni tumaini. Wakikutana darasani Dubai wataitana wajina, lakini ni wajina wa sauti tu.

Makosa mengi ya maana za majina ya kike huanzia hapo. Mtu anarukia maana kabla hajajua jina ni la lugha gani. Kwa hiyo utaratibu wa mwongozo huu ni wa kinyume: maana inaandikwa mwisho. Chukua karatasi, andika majina matano au sita unayoyafikiria (ukizidisha utachoka njiani), na mbele ya kila jina chora safu nne: lugha, herufi za asili, mzizi, njia lililopita. Safu ya maana iache wazi mpaka hizo nne zijae.

Hatua ya kwanza: tafuta lugha

Anza na umbo la jina lenyewe. Lugha nyingi za huku kwetu huweka alama ya kike mwanzoni. Kwa Waluo majina mengi ya kuzaliwa huanza na A kwa msichana na O kwa mvulana: Atieno na Otieno, Achieng' na Ochieng'. Kwa Wakalenjin, Chep-, Jep- au Che- ni ya kike na Kip- ni ya kiume. Wakikuyu wana Wa- na Nya-, kama Wangari na Nyambura. Waganda, yaani kabila la Baganda, wana Na-: Nansubuga, Nakato. Wahaya wana Koku-, na Wanyarwanda wana Muka- na Nyira-.

Pwani ina Mwana-, ambayo ulimi umeikata ikawa Mwa-: Mwanajuma na Mwajuma, Mwanamvua na Mwamvua, Mwanaidi, Mwanahamisi, Mwanahawa. Mwana wa hapo hahusiani na utoto. Ni heshima ya mwanamke wa pwani, kama tunavyosema Bi leo. Ndiyo maana mshairi wa Pate wa karne ya 19 anaitwa Mwana Kupona binti Msham, na hakuna aliyemdhania mtoto.

Mwisho wa jina nao husema. Ukiona Eli- mwanzoni au -eli mwishoni, mara nyingi ni Kiebrania, na maana yake ni Mungu. Wachaga na Wapare wameichukua na kuunda majina yao wenyewe. Ukiona -ina (Yustina, Kristina), fikiria Kilatini kilichopita kanisani. Irabu ya mwisho katika Mariamu, Zainabu na Ruthu imeongezwa na Kiswahili, maana ulimi wetu haupendi neno liishie kwa konsonanti. Ivue kabla hujaendelea.

Alama hizi ni fununu, usizifanye hukumu. Anna na Aisha wanaanza na A wala hawana uhusiano na Waluo wa Nyanza. Akua naye ni wa Ghana: Waakan humpa mtoto jina la siku aliyozaliwa, na kwa wasichana ni Adwoa wa Jumatatu, Abena wa Jumanne, Akua wa Jumatano, Yaa wa Alhamisi, Afua wa Ijumaa, Ama wa Jumamosi na Akosua wa Jumapili. Hapo tena kuna mtego, kwa sababu Unguja nako kuna Afua, na huyo ametoka kwenye neno la Kiarabu la kusamehe na kuokoa. Ijumaa haimhusu.

Umbo lisiposema kitu, waulize wazee mambo matatu: nani wa kwanza katika ukoo kuitwa hivyo, alikuwa dini gani, na jina alilipatia wapi. Bibi aliyebatizwa misheni akaitwa Felista amekupa jibu tayari: Kilatini, kupitia Kanisa Katoliki.

Hatua ya pili: pata herufi za asili

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye hatari kubwa. Kiswahili kiliyapokea majina ya Kiarabu kwa mikono miwili lakini kikayapunguzia herufi. He ya kooni na he nyepesi zote zimekuwa h. Sini na swadi zimekuwa s. Te na twa zimekuwa t. Aini imepotea kabisa, na irabu ndefu hatuzitofautishi na fupi. Matokeo yake majina mawili yenye maana zinazopingana yanaandikwa sawasawa kwenye cheti.

Mfano mzuri ni Asia. Likiandikwa آسية, kwa alifu ya kuvuta na sini, ni jina la mke wa Firauni aliyemlea Musa, mmoja wa wanawake wanaoheshimiwa sana katika Uislamu. Likiandikwa عاصية, kwa aini na swadi, ni muasi. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Umar alikuwa na binti aliyeitwa hivyo la pili, na Mtume akambadilisha jina akamwita Jamila. Kwa herufi zetu za Kilatini yote mawili ni Asia tu. Mtu akikuambia jina hilo ni baya, au akikuambia ni zuri sana, swali la kumrudishia ni moja: kwa herufi gani?

Amina lina mtego wa aina hiyo, ingawa si mkali. آمنة, yenye a ndefu mwanzoni, ni mwenye amani, aliye salama, na ndilo jina la mama yake Mtume. أمينة, yenye i ndefu katikati, ni mwaminifu. Maana zote mbili nzuri, mzizi mmoja, lakini ni majina mawili, na binti atakapokwenda Muscat kusoma ataulizwa yeye ni yupi.

Hana ni watatu. Wa Biblia, mama yake Samweli, ni wa Kiebrania na maana yake ni neema. Huyo ndiye Anna na Hanna wa Ulaya. Wa Kiarabu, هناء, ni furaha na raha. Wa Kijapani mara nyingi ni ua.

Farida na Frida husikika kama dada, lakini Farida ni Kiarabu, wa pekee asiye na mfano, na Frida ametoka lugha za Kijerumani za kale kwenye neno la amani. Nadia wa Moscow ni kifupi cha Nadezhda, tumaini. Nadia wa Cairo ana mzizi wake wa Kiarabu na hana habari na huyo mwingine.

Namna ya kuifanya hatua hii: nenda kwa maalimu wa chuo cha Kurani, mtajie jina, umwombe aliandike kwa Kiarabu na kulitia fataha, kisra na dhuma, zile alama za irabu. Usimtajie maana uliyoisoma. Ukimtajia atatafuta herufi za kuifikia maana hiyo, na utakuwa umejiuliza na kujijibu mwenyewe. Mwache aandike, kisha aseme maana. Piga picha karatasi. Halafu mpelekee mtu wa pili. Wakiandika tofauti, ujue una majina mawili mkononi. Chagua moja na picha yake ihifadhiwe pamoja na kadi ya kliniki.

Kwa majina ya Biblia, tafuta toleo lenye maelezo chini ya ukurasa, au muulize mchungaji aliyesoma Kiebrania chuoni. Majina ya Kichina na Kijapani hayana maana kwa sauti peke yake. Mei wa Kichina anaweza kuwa 美, uzuri, au 梅, mti wa plamu unaochanua wakati wa baridi. Bila alama iliyoandikwa, safu ya maana inabaki wazi.

Hatua ya tatu: fuata mzizi

Kiarabu na Kiebrania ni lugha ndugu, na katika zote mbili maneno hujengwa juu ya konsonanti, mara nyingi tatu. Ukizijua hizo tatu, majina yanaanza kujipanga kiukoo. Neema, Naima na Naomi wamekaa juu ya mzizi mmoja: n, aini, m. Neema ni neema yenyewe, Naima ni aliye katika raha, Naomi ni wa kupendeza. Ndiyo maana katika Ruthu 1:20, mjane aliyefiwa na mume na wanawe wawili anawaambia wanawake wa Bethlehemu wasimwite Naomi, wamwite Mara, yaani uchungu. Asiyejua maana ya jina la kwanza haoni uzito wa lile la pili.

Kwa njia hiyohiyo Salma, Salima na Salama ni watu wa s-l-m, na Rehema ni Rahma aliyekaa pwani muda mrefu. Hawa na Eva ni mtu mmoja na jina moja, kutoka neno la uhai. Walioitafsiri Biblia kwa Kigiriki zamani walilitafsiri jina hilo katika Mwanzo kuwa Zoe, uhai. Binti wa leo anayeitwa Zoe ni wajina wa Hawa kwa maana.

Mzizi hautoi sifa kila mara. Khadija, ambaye huku ni Hadija na Unguja ni Kazija, ametoka kwenye neno la kuzaliwa kabla ya siku kutimia. Fatuma, yaani Fatima, ametoka kwenye neno la kuachisha ziwa. Wazazi wengine wakisikia hivyo hunyong'onyea. Hakuna sababu. Majina hayo yameenea kwa ajili ya walioyabeba, mke wa kwanza wa Mtume na binti yake, na anayempa mtoto Khadija leo anamtaja mtu, hataji kamusi. Hilo liandike pembeni ya safu ya mzizi, kwa sababu kwa majina mengi ya dini, mbebaji ana nguvu kuliko neno.

Hatua ya nne: fuatilia njia lililopita

Jina husafiri, na kila kituo hulikata au kulivika nguo nyingine. Margareta ni Kigiriki, lulu. Ulaya ilimkata kichwa akabaki Greta, na mahali pengine akabaki Rita. Lulu wetu ametoka Kiarabu. Kwa hiyo Rita na Lulu wana maana moja, na mzazi anayetaka pacha wenye maana moja na sauti mbili anaweza kuishia hapo.

Isabela huandikiwa maana isiyo yake mara nyingi. Orodha nyingi zinasema ni mrembo, kwa sababu ya "bella" ya Kiitaliano inayosikika mwishoni. Isabela ni Elisabeti aliyepita kusini mwa Ufaransa na Hispania, na Elisabeti ni Kiebrania: Mungu wangu ni kiapo. Veronika naye husemwa ni "picha ya kweli", kwa Kilatini na Kigiriki vilivyochanganywa, ili kuendana na simulizi ya kitambaa kilichomfuta Yesu uso. Jina lenyewe ni Berenike, aletaye ushindi, yule Bernike wa Matendo ya Mitume sura ya 25. Agnesi ni Kigiriki, safi. Baadaye Walatini wakasikia "agnus", mwanakondoo, na tangu hapo mtakatifu huyo huchorwa akiwa na mwanakondoo mikononi. Picha ilizaliwa na kosa la sikio.

Jane, Joan na Janeth wote ni Yohana wa kike. Stella ni nyota, Lusia ni nuru, Klara ni angavu, na hao ni Kilatini kisicho na utata. Imakulata, Konsolata na Asumpta ni sifa za Bikira Maria: asiye na doa, mfariji, aliyepalizwa mbinguni. Perpetua na Felista ni wanawake wawili waliouawa pamoja kwa imani yao Carthage, kaskazini mwa Afrika, mwaka 203. Ndiyo maana familia za Kikatoliki huyapanga majina hayo kwa dada wawili.

Warusi wana Vera, Nadezhda na Lyubov, majina ya mashahidi watatu wanaosimuliwa kuwa mabinti wa Sofia, yaani hekima. Tafsiri yao ni Imani, Tumaini na Upendo. Nenda Arusha au Bukavu, utawakuta hao hao watatu nyumba moja.

Yapo pia majina yasiyo na asili ya mbali. Vanessa lilibuniwa na Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland, karne ya 18, kwa kuunganisha vipande vya jina la mwanamke aliyemfahamu, Esther Vanhomrigh. Anayekuambia Vanessa ni kipepeo amechukua jina walilopewa vipepeo baadaye.

Na yapo yasiyo na jibu. Mariamu, Katerina, Zainabu na Monika, wataalamu bado wanabishana juu yao. Ukikuta ukurasa unaokupa maana ya Mariamu kwa neno moja bila kusita, punguza imani yako kwa ukurasa mzima.

Hapa tuziseme orodha hizo za intaneti. Nyingi zinazotaja "majina ya Kiswahili" ziliandikwa kwa ajili ya Marekani, ambako tangu miaka ya 1960 Wamarekani weusi walianza kutafuta majina ya Afrika. Sikukuu ya Kwanzaa, iliyoanzishwa mwaka 1966 na Maulana Karenga, ina misingi saba yenye majina ya Kiswahili, na miwili kati yake, Nia na Imani, imekuwa majina ya wasichana wengi kule. Hayo ni majina ya kweli yenye historia yake, na Imani hata huku wapo tele. Lakini Zuri, linalopendwa sana huko, kwa mtu wa Tanga ni kipande cha neno kinachosubiri kiambishi. Ukiona orodha ina Zuri na haina Mwanahamisi, mwandishi wake hajafika pwani.

Hatua ya tano: uliza kama jina ni sifa au ni tukio

Majina mengi ya kwetu hayamsifu mtoto. Yanaeleza siku aliyokuja. Waluo wamegawanya saa zote: Akinyi ni wa asubuhi, Anyango wa jua likipanda, Achieng' wa mchana jua likiwa kali, Adhiambo wa jioni, Atieno wa usiku, Awuor wa usiku wa manane. Wakalenjin nao wana Chemutai wa asubuhi, Chebet wa mchana, Cherono wa jioni mifugo ikirudi zizini. Peruth Chemutai, mwanamke wa kwanza wa nchi ya Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki, katika michezo ya Tokyo, ana jina linalotaja asubuhi. Pwani na bara kuna Chausiku.

Mvua nayo imezaa majina mengi. Ziweke pamoja: Mwamvua wa pwani, Nyambura wa Kikuyu, Mumbua wa Kikamba, Kabula wa Kisukuma, Nomvula wa Kizulu. Sikiliza katikati ya kila jina: mvua, mbura, mbua, bula, mvula. Ni neno moja la Kibantu lililotembea kutoka Mlima Kenya mpaka Durban, na kila kabila likalivika kiambishi chake cha kike. Akoth wa Kiluo na Cherop wa Kikalenjin wana mvua hiyohiyo kwa maneno ya ukoo mwingine wa lugha. Mzazi wa makabila mawili anayetafuta jina litakaloeleweka pande zote afikirie mvua kwanza.

Kundi la pili ni la majonzi: Tabu, Shida, Sikujua, Machozi. Yalitolewa mama alipoteseka, au watoto waliotangulia walipofariki. Hapa ushauri wetu ni wazi: jina la msiba wa watu wazima limwachie bibi aliyelibeba. Ukitaka kumkumbuka bibi Tabu, mwite mtoto Faraja na umsimulie sababu. Hata mwimbaji mkubwa wa taarabu aliyezaliwa Fumba mwaka 1880 alipewa jina la Mtumwa. Dunia inamjua kwa jina la ukubwani, Siti binti Saad, na Siti ni Kiarabu cha bibi mheshimiwa.

Hatua ya sita: jua nani ana haki ya jina hilo

Majina mengine yana nafasi zake, na ukimpa asiye wa nafasi hiyo utazua maswali ya maisha. Kulwa na Doto ni pacha, wa kwanza na wa pili. Apiyo na Adongo vilevile kwa Waluo, Babirye na Nakato kwa wasichana wa Kiganda. Akello ni anayefuata pacha. Ukimwita mtoto wako wa kwanza Akello kwa kuwa linapendeza, kila mama wa Kisumu atauliza pacha wako wapi, na utatoa maelezo yasiyo na furaha. Pili na Tatu nayo ni majina ya zamu.

Kwa Waganda, majina mengi ni mali ya ukoo. Kabla ya kuchukua, muulize mzee wa ukoo wa baba.

Kwa Wakikuyu swali la maana linakuja nyuma. Binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba, wa pili jina la mama wa mama, kisha wanafuata shangazi na mama wadogo. Wanjiru, Wambui, Wangari na wenzao ni majina ya mabinti wa Gikuyu na Mumbi, waanzilishi wa koo. Swali sahihi hapo ni: amepewa jina la nani? Wayoruba wa Nigeria wana wazo la karibu na hilo: Yetunde, mama amerudi, hupewa binti aliyezaliwa baada ya bibi kufariki. Na sehemu nyingi za Tanzania mtoto akilia bila kukoma wazee husema amekataa jina, wakataja ya waliotangulia mmoja mmoja mpaka anyamaze. (Mpimeni homa pia.)

Dini ina taratibu zake. Kwa Waislamu jina hutolewa mara nyingi siku ya saba pamoja na akika, na kwa binti huchinjwa mbuzi mmoja. Kwa Wakatoliki, sheria ya zamani ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapata jina la Kikristo. Ile ya 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Kwa hiyo Nyambura anaweza kubatizwa Nyambura, na paroko hana sheria ya kumkatalia.

Hatua ya saba: lisikilize

Lisome jina kwa sauti pamoja na la baba na la babu, mara kadhaa, polepole kisha haraka. Liite kutoka uani kama unamwita mtu aje kula. Kisha mwombe mtoto wa miaka minane au tisa alifupishe. Kifupi atakachotoa ndicho kitakachotumika shuleni, upende usipende.

Angalia linavyosikika kwa majirani. Ngozi ni jina zuri la Kiigbo, baraka, lakini Dar es Salaam watoto watalisikia kama ngozi ya ng'ombe. Hana likiitwa na "pesa" karibu yake litachekesha kila siku ya ada. Hayo hayakatazi jina, yanakutaka uamue ukiwa unajua. Kwa Hana, wengi humalizia na Anna au Hanna na tatizo linaisha.

Hatua ya nane: liandike mara moja, namna moja

Sasa jaza safu ya maana, kisha chagua tahajia. Khadija au Hadija, Zainab au Zainabu, Fatma au Fatuma: zote zinakubalika, kosa ni kutumia mbili. Mlolongo ni huu: tangazo la hospitali, kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, usajili wa shule, mtihani wa darasa la saba, kitambulisho. Jina huharibika hasa pale mzazi anapolitaja kwa mdomo na karani akaandika alivyosikia. Nenda na karatasi yenye jina kwa herufi kubwa, mpe aione, na usiondoke dirishani kabla hujasoma alichoandika. Tanzania kizazi kinatakiwa kusajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndani ya siku 90. Kurekebisha baadaye kunawezekana, lakini kuna viapo, ada na safari.

Majina matatu yanatosha. Katika pasipoti, mistari miwili ya herufi chini ya picha ndiyo inayosomwa na mashine. Mstari wa kwanza una nafasi 44, na 39 tu ndizo za majina yote pamoja na alama za kuyatenganisha. Yakizidi, yanakatwa. Ritifaa haiingii kabisa, hivyo Achieng' anasomeka ACHIENG.

Familia za Rwanda na Burundi zinazoishi nje zichukue tahadhari zaidi, kwa kuwa kwao kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe na si lazima abebe la baba. Uwase anayesafiri na mama yake Ingabire ataulizwa uwanja wa ndege kama kweli ni mama na binti. Cheti cha kuzaliwa kiwe kwenye mkoba wa mkononi. Watu wa Iceland wanaijua hali hiyo, maana kwao binti kwa kawaida hubeba jina la baba pamoja na neno la binti, kama Vigdís Finnbogadóttir, rais wao aliyechaguliwa mwaka 1980, na mama kwa kawaida hana jina hilohilo la mwisho. Aliyeandikwa "binti" katikati ya jina, kwa desturi yetu ya pwani, aamue mapema kama neno hilo linaingia kwenye pasipoti au linabaki nyumbani, kisha tiketi ya ndege iandikwe kama mistari ile ya mashine inavyosoma.